Pawa saplai isiyowaka katika IBM PC, XT na AT: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Misingi

Maelezo haya yanahusu kompyuta zipi?

Yanahusu IBM PC 5150 iliyotoka mwaka 1981, PC XT 5160 ya mwaka 1983, PC AT 5170 ya mwaka 1984, pamoja na kompyuta nyingi zilizoigwa kutoka kwao hadi katikati ya miaka ya 1990, ambazo pawa saplai zake huunganishwa na bodi kuu kwa plagi 2 zenye alama P8 na P9. Kompyuta za baadaye, ambazo huwashwa kwa kitufe kidogo badala ya swichi nzito, zina pawa saplai za ATX (aina iliyofuata baada ya hizi) na taratibu nyingine za uchunguzi.

Pawa saplai hizi hutoa volti zipi, na ndani kuna nini?

Hutoa volti 4: +5, +12, −5 na −12. Ile ya 5150 ni ya wati 63.5 tu: ampea 7 kwenye +5, ampea 2 kwenye +12, ampea 0.3 kwenye −5 na ampea 0.25 kwenye −12. Ya XT iliongezwa hadi wati 130 kwa sababu ilibidi ilishe diski kuu, na ya AT ikafikia wati 192.

Umeme wa ukutani hupita kwenye fyuzi na kichujio, kisha dayodi 4 huugeuza kuwa umeme wa mkondo mnyoofu unaohifadhiwa katika kapasita kubwa. Kwa umeme wa volti 230, hapo pana takribani volti 325. Transista huukata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuusukuma kwenye transfoma ndogo, na upande wa pili dayodi na kapasita nyingine huusafisha hadi ufae kwa chipu. Kila swali lililo hapa chini linahusu sehemu mojawapo ya safari hiyo, na mtu anayeikumbuka hatababaishwa na wingi wa vipuri.

Nimebonyeza swichi na hakuna kinachotokea. Je, pawa saplai imekufa?

Huenda ikawa imekufa, lakini mara nyingi haijafa. Pawa saplai hizi ziliundwa zijizime zenyewe zinapokuta shoti kwenye bodi au kwenye kadi, na nyingine haziwaki kabisa zikikosa mzigo, yaani kitu cha kuvuta umeme wake. Ukimya wake kwa hiyo unaweza kuwa dalili kwamba inafanya kazi yake ya kulinda. Pawa saplai nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hakuna aliyetenganisha sehemu 3 za tatizo: umeme unaoingia, pawa saplai yenyewe, na vitu inavyovilisha. Utaratibu wa kuzitenganisha umeelezwa chini ya kichwa «Kutafuta tatizo lilipo».

## Usalama

Je, naweza kuifungua mwenyewe?

Unaweza ikiwa umezoea kupima umeme wa ukutani na unajua kutumia mita bila kubahatisha. Kama hujawahi kufanya hivyo, fanya vipimo vya nje tu, ambavyo hutatua sehemu kubwa ya matatizo, kisha mpelekee fundi wa vifaa vya elektroniki. Volti 325 za mkondo mnyoofu zinaua, na bati la kupozea transista za upande wa umeme wa ukutani laweza kuwa na umeme huo huo ingawa linaonekana kama kipande cha alumini tu.

Kuchomoa waya ukutani hakutoshi. Pawa saplai nzima huzimaliza kapasita zake yenyewe kwa muda mfupi kwa sababu kuna mzigo unaozinyonya. Iliyoharibika hainyonyi kitu, kwa hiyo ndiyo inayobaki na chaji kwa muda mrefu zaidi, hasa kama rezista za kutolea chaji zimekatika. Hii ndiyo hatari inayosahaulika kuliko zote: kifaa kinachoonekana kimekufa kabisa ndicho kinachopaswa kuogopwa zaidi.

Kapasita kubwa zinaondolewaje chaji?

Tumia rezista ya kilo-ohm 10 yenye uwezo wa wati 5 hadi 10, ikiwa na waya zilizofunikwa vizuri, na uishikize kwenye miguu ya kila kapasita kubwa kwa nusu dakika. Kisha pima kwa mita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, na usiguse kitu mpaka usomaji ushuke chini ya volti chache. Usizipige shoti kwa bisibisi. Cheche inayotokea hula ncha ya bisibisi na huweza kukurushia vipande usoni.

## Umeme wa ukutani

Nimeletewa kompyuta hii kutoka Marekani. Naweza kuichomeka Tanzania au Kenya?

Usiichomeke kabla ya kusoma kibandiko cha pawa saplai. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240, ilhali 5150 zilizouzwa Marekani zilitengenezwa kwa volti 120 tu na hazina swichi ya kubadilisha. Ukiichomeka moja kwa moja, utasikia mlipuko, na fyuzi haitakuwa kitu pekee kilichoharibika. Tumia transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi mahitaji ya kompyuta. Ya wati 300 inatosha 5150 au XT. Tofauti ya hezi 50 na 60 haina madhara kwa aina hii ya pawa saplai.

AT na nyingi za kuigwa zina swichi ndogo nyuma yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa kwenye 115, saketi huzidisha umeme mara 2 ili kapasita zipate volti zile zile ambazo zingepata kwa 230. Kwa hiyo mtu anayeichomeka kwenye volti 230 swichi ikiwa kwenye 115 anaziletea kapasita hizo takribani volti 650 kwa pamoja, wakati kila moja kwa kawaida imeandikwa volti 200. Kama kompyuta imefika mikononi mwako tayari imekufa na swichi iko kwenye 115, kisa chake kimekwisha kukuelezea nusu ya yaliyotokea: kagua kwanza kapasita kubwa, daraja la dayodi (zile 4 za upande wa umeme wa ukutani) na transista za kukata umeme.

Fyuzi imekatika. Nikiiweka nyingine itawaka?

Itazame kwanza. Fyuzi ya kioo ambayo uzi wake umekatika katikati na kioo kikabaki safi yaweza kuwa imechoka au ilipigwa na umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Fyuzi ambayo kioo chake kimekuwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani ilikutana na shoti kamili, na nyingine mpya itakufa papo hapo. Katika hali hiyo pima daraja la dayodi na transista kabla ya kuwasha tena.

Weka fyuzi ya ampea zile zile na ya aina ile ile. Karatasi ya sigara, uzi wa waya au fyuzi kubwa zaidi huhamisha tu mahali pa kuungua, kutoka kwenye kipuri cha bei ndogo hadi kwenye transfoma isiyopatikana tena.

## Kutafuta tatizo lilipo

Nianzie wapi?

Anzia nje. Hakikisha soketi ya ukutani ina umeme kwa kuchomeka taa, kisha pima waya wa umeme kwa mita, kwa maana waya hizi hukatikia ndani karibu na plagi bila kuonyesha alama yoyote.

Baada ya hapo, zima na uchomoe umeme, ondoa kadi zote za upanuzi pamoja na plagi za diski, kisha ujaribu kuwasha ikiwa imebaki bodi kuu peke yake, ile ambayo mafundi wengi huiita mazabodi. Ikiwaka, rudisha kitu kimoja kimoja, ukizima kila mara kabla ya kuchomeka, mpaka upate kinachoiangusha. Isipowaka, chomoa P8 na P9 na uchunguze bodi na pawa saplai kila moja upande wake. Kwa bodi, soma kuhusu feni inayoshtuka. Kwa pawa saplai, soma jibu linalofuata.

Nimeitoa na kuiwasha mezani peke yake, haitoi volti hata moja. Basi imekufa?

Bado hujathibitisha. Nyingi huhitaji mzigo kwenye +5, na baadhi kwenye +12 pia, ndipo zianze au ndipo volti zitulie. IBM wenyewe walilijua jambo hili vizuri: AT iliyouzwa bila diski kuu ilifungwa rezista kubwa ya ohm 5 na wati 50 mahali pa diski, kazi yake ikiwa ni kuvuta umeme wa +12 tu.

Mezani, weka rezista ya ohm 5 yenye uwezo wa wati 10 kati ya +5 na ardhi (waya mweusi), ambayo itavuta ampea 1, na balbu ya gari ya volti 12 na wati 21 kati ya +12 na ardhi. Rezista itapata joto kali, kwa hiyo iweke juu ya kigae au bati. Balbu ya gari inafaa hasa kwa sababu inakuonyesha kwa macho kama umeme unatoka kwa utulivu, unapepesa au unakatika. Kama volti hazipo hata baada ya kuweka mzigo, tatizo liko ndani ya pawa saplai.

Feni hushtuka mara moja kisha inasimama, au nasikia mlio wa tik-tik. Maana yake nini?

Pawa saplai inajaribu kuwaka, inakuta shoti, inajizima. Hii ndiyo dalili inayojirudia kuliko zote katika 5150 na XT, na mara nyingi chanzo si pawa saplai bali kapasita za tantalum kwenye bodi kuu au kwenye kadi. Hizi ni vitone vidogo, vingi vikiwa vya manjano, bluu au kahawia, na kwa asili yake zikifa huwa hazikatiki bali huunganisha ncha zake mbili. Zilizo kwenye njia ya +12 na −12 hufa zaidi, kwa kuwa nyingi ziliandikwa volti 16, nafasi ambayo ni finyu mno kwa kipuri cha aina hii.

Chomoa P8 na P9, weka mita kwenye ohm, na upime upande wa bodi kati ya ardhi na kila volti. Njia ya +5 husoma ohm chache kwa kawaida yake kwa sababu inalisha chipu nyingi, lakini usomaji wa ohm 1 au chini yake kwenye +12, −12 au −5 ni shoti. Ukiipata, kadi zikiwa zimeondolewa, kagua kapasita zilizo karibu na soketi za kadi na uinue mguu wa moja baada ya nyingine mpaka usomaji uongezeke. Pima na kila kadi pia, kwa kuwa kadi ya diski au ya skrini huweza kubeba shoti ile ile.

Kuna wanaoiwasha makusudi ili kapasita iliyokufa ilipuke na kujitambulisha. Sishauri hivyo. Tantalum huwaka moto wa kweli, huacha shimo jeusi kwenye bodi, na bodi ya mwaka 1981 haina mbadala.

Niweke nini badala ya tantalum iliyokufa?

Nyingi ni za mikrofaradi 10. Weka tantalum mpya ya kiasi kile kile lakini ya volti 25 au 35, au kapasita ya kawaida ya elektroliti ya ubora mzuri. Angalia upande wa chanya kabla ya kulehemu, kwa sababu tantalum iliyogeuzwa hufa kwa kishindo. Katika bodi za IBM utakuta nyingine zenye miguu 3, ambapo mguu wa kati ni chanya na miwili ya pembeni ni ardhi. Thibitisha kwa mita kabla ya kuweka yenye miguu 2.

Volti zote zipo lakini skrini ni nyeusi na hakuna mlio.

Pima mguu wa kwanza wa P8, ambao hubeba ishara ya Power Good. Pawa saplai hushikilia ishara hii chini inapowashwa, kisha huipandisha hadi karibu volti 5 baada ya volti nyingine kutulia, kati ya sehemu ya kumi ya sekunde na nusu sekunde. Isipopanda, prosesa hubaki imeshikiliwa mwanzoni na kompyuta haifanyi lolote ingawa feni inazunguka vizuri. Ishara ikikosekana huku volti zikiwa sawa, kosa liko kwenye saketi ndogo ya uangalizi ndani ya pawa saplai. Ikiwepo, elekeza macho kwenye bodi kuu.

Volti zinatakiwa kuwa ndani ya mipaka gani?

Pima kompyuta ikiwa inafanya kazi. IBM iliweka +5 kati ya 4.8 na 5.25, na +12 kati ya takribani 11.5 na 12.6. Volti hasi zina uhuru zaidi, kiasi cha asilimia 10. +5 iliyozidi 5.5 ni sababu ya kuzima mara moja.

## Ndani ya pawa saplai

Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi, ghafla ikatoa moshi mzito wenye harufu mbaya, lakini haikuzima. Ni nini?

Kwa karibu kila hali ni kapasita ya kichujio iliyolazwa kati ya waya moto na nyutro. Zile za karatasi yenye metali, zilizofunikwa kwa plastiki ya uangavu wa manjano na mara nyingi zenye jina RIFA, hupasuka nyufa kadiri zinavyozeeka, huingiza unyevu, kisha huungua zinapopewa umeme baada ya kukaa miaka kabatini. Katika hewa ya pwani, yenye unyevu mwaka mzima, sioni sababu ya kuzisubiri: ukiona nyufa, badilisha kabla ya kuwasha hata mara moja.

Kompyuta huendelea kufanya kazi kwa sababu kapasita hiyo huzuia tu vurugu za redio kurudi kwenye waya za nyumba. Weka ya filamu ya daraja la X2, mikrofaradi zile zile, ya volti 275 za mkondo geu au zaidi. Zinazoelekea kwenye ardhi lazima ziwe za daraja la Y. Kapasita ya kawaida isiyo na alama hizi, hata ikiandikwa volti nyingi, haifai hapo.

Ni vipuri vipi vinavyokufa zaidi, na navipimaje?

Ukiwa umeondoa chaji kama ilivyoelezwa chini ya «Usalama», pima dayodi za daraja kwa kipimo cha dayodi: upande mmoja mita isome kati ya 0.5 na 0.7, upande mwingine isisome kitu. Pima transista za kukata umeme kati ya kolekta na emita. Usomaji wa karibu sifuri pande zote mbili maana yake zimeshika shoti. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja, na kagua rezista ndogo zinazozilisha, kwa kuwa transista ikifa huondoka na jirani zake.

Ikiwa kapasita kubwa zina volti 325 na hakuna chochote kinachotoka, huku transista zikiwa nzima, tafuta rezista za kuanzishia zenye thamani kubwa, mara nyingi mamia ya kilo-ohm. Hukatika bila kubadilika rangi, na macho hayawezi kuzitambua. Upande wa kutoa, pima dayodi pacha zilizofungwa kwenye bati la kupozea. Moja ikishika shoti, pawa saplai itajizima kana kwamba bodi ndiyo mbovu.

Nimemaliza kutengeneza. Nawezaje kuijaribu bila kuilipua tena?

Iunganishe na balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 iliyofungwa mfululizo kwenye waya moto. Balbu ya LED haifai. Balbu ikimweka na kufifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kwa maana balbu imebeba umeme ambao ungeziua transista mpya. Ikipepesa pole pole wakati kuna mzigo, huenda inazuia umeme kupita kiasi. Punguza mzigo au weka balbu kubwa zaidi kabla ya kuilaumu pawa saplai.

Inawaka baada ya kujaribu mara nyingi, hasa asubuhi.

Tafuta kapasita ndogo za elektroliti, mikrofaradi 1 hadi 10, zilizo karibu na transista za kukata umeme. Zikikauka hushindwa kuzisukuma transista zikiwa baridi, na joto huzirudishia nguvu kidogo. Zibadilishe kwa zinazostahimili nyuzi joto 105.

Je, nibadilishe kapasita zote kwa mpigo?

Sioni busara ya kufanya hivyo kabla ya kujua kosa. Kila kipuri kinachotolewa ni nafasi ya kung'oa njia ya shaba kwenye bodi ya zamani, na ukibadilisha 20 kwa mara moja hutajua ipi ilikuwa mbovu wala kama umeongeza kosa jipya. Tafuta kosa, litengeneze, ndipo ubadilishe zilizovimba, zilizovuja, na zile za kichujio zilizotajwa juu.

## Hali za pekee

P8 na P9 zinafanana. Zinachomekwaje?

Waya nyeusi za plagi zote mbili zikae katikati, zikigusana ubavu kwa ubavu. Ukizibadilishana, volti zisizostahili huingia kwenye chipu, na hakuna fyuzi itakayowahi.

Kompyuta yangu ya kuigwa ina swichi mbele yenye waya 4 nene.

Waya hizo hubeba umeme wa ukutani hadi mbele ya kasha. Piga picha na uweke alama kabla ya kuzichomoa: mbili zinatoka kwenye waya wa umeme na mbili zinarudi kwenye pawa saplai. Ukizipanga vibaya, swichi itaunganisha waya moto na nyutro pale unapoibonyeza. Kwa kuwa rangi hazifuati mpangilio mmoja kwa watengenezaji wote, soma mchoro ulio kwenye kibandiko au uthibitishe kwa mita.

Naweza kutumia osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini?

Upande wa kutoa, ndiyo, na ni njia bora ya kuona mawimbi yanayobaki kwenye +5 wakati mita inasoma sawa. Upande wa umeme wa ukutani, usiunganishe bila transfoma ya kutenganisha, kwa sababu klipu ya ardhi ya osiloskopu itapiga shoti kupitia soketi. Transfoma nyingi za kushusha volti zinazouzwa madukani hazitenganishi chochote. Zina koili moja inayogawanywa.

Nikikwama kabisa, naweza kuweka pawa saplai ya kisasa ya ATX?

Ndiyo, kwa waya wa kubadilisha unaogeuza plagi ya ATX kuwa P8 na P9, na swichi inayounganisha waya wa kijani na ardhi. Power Good huchukuliwa kutoka waya wa kijivu. Tatizo ni −5, iliyoondolewa katika ATX tangu mwaka 2003. XT, AT na 5150 zenye bodi ya kilobaiti 64 hadi 256 huendesha kumbukumbu zake bila hiyo, ingawa kadi chache huihitaji. Lakini 5150 ya mwanzo, yenye bodi ya kilobaiti 16 hadi 64, hutumia chipu za kumbukumbu aina ya 4116 ambazo lazima zipate −5, na kuzipa +12 huku −5 ikikosekana huziharibu. Kwa bodi hiyo chagua kibadilishi chenye kidhibiti 7905, ambacho hutengeneza −5 kutoka −12, na pima mguu wa tatu wa P9 kabla ya kuiunganisha.

Kasha la pawa saplai ya zamani na bodi yake usivitupe. Viandikie kosa ulilolipata na uviweke mahali pakavu. Transfoma na swichi yake nyekundu ya pembeni havitengenezwi tena, na fundi mwingine anaweza kuifufua kwa rezista moja.